Kanuni ya Koch Ilipomhukumu Koch Mwenyewe

Mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi nchini Kenya akiulizwa kinacholeta kipindupindu atajibu bila kusita kwamba ni vijidudu. Akiulizwa kuhusu kifua kikuu atatoa jibu lilo hilo. Lakini ukimwuliza amejuaje kuwa vijidudu ndivyo chanzo, wala si baridi, harufu mbaya, jicho la hasidi au laana ya mababu, aghalabu atanyamaza. Huenda mwalimu wake naye akanyamaza, maana kitabu alichosomea kilimpa jibu bila kumpa njia iliyolileta jibu hilo. Naliona hili kuwa pengo kubwa katika ufundishaji wetu. Tunarithisha watoto imani mpya mahali pa imani ya kale, kisha tunaiita sayansi. Njia mojawapo ya kuliziba pengo hili ni kuyasimulia maisha ya mtu aliyeitafuta njia yenyewe kwa jasho lake, akaipata, na baadaye akaiacha mara kadhaa kwa hasara ya wengine. Mtu huyo ni daktari Mjerumani Robert Koch.

Mimi si tabibu. Uwanja wangu ni isimu, na kilichonivuta kwenye maisha ya Koch ni majina ya maradhi katika lugha yetu. Kiswahili, sawa na lugha nyingi za ulimwengu, huupa ugonjwa jina kwa kutazama kinachoonekana kwa mgonjwa. Malale ni ugonjwa wa kulala. Kifua kikuu hutaja kiungo kinachoumia. Neno pepopunda limembeba pepo ndani yake, kwa kuwa mwili unaokakamaa na kupinda ulionekana kama mwili uliopandwa na nguvu isiyo ya kibinadamu. Waitaliano nao waliiita homa ya vinamasi malaria, maana yake hewa mbaya. Hakuna aibu yoyote katika majina haya, kwani waliyoyaunda walikuwa watazamaji makini. Hata hivyo, jina la namna hii hueleza dalili tu. Halisemi chanzo ni nini, wala halisemi ugonjwa umetoka wapi na umeingiaje mwilini. Kazi ya Koch ilikuwa kuuvuka mto ulio baina ya dalili na chanzo, na kuwataka wengine wote wavuke kwa daraja moja, yaani ushahidi.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 mjini Clausthal, katika milima ya Harz, ambako baba yake alikuwa afisa wa migodi. Alikuwa mmoja wa watoto 13. Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen, na huko alifundishwa na Jacob Henle, msomi ambaye tangu mwaka 1840 alikuwa ametoa hoja kwamba magonjwa ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Henle alikuwa na hoja, lakini hakuwa na uthibitisho. Koch alihitimu udaktari mwaka 1866, akamwoa Emmy Fraatz mwaka uliofuata, akahudumu katika vita vya Wajerumani na Wafaransa, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya ya Wollstein, mji mdogo ambao leo umo nchini Poland. Hakuwa na maabara, hakuwa na wasaidizi, wala hakuwa karibu na chuo chochote. Alikuwa na hadubini, na sehemu ya chumba cha kuwaonea wagonjwa aliyoitenga kwa pazia ili afanye majaribio yake.

Wafugaji wa wilaya hiyo walikuwa wakihangaishwa na kimeta. Kondoo aliyelala mzima aliweza kukutwa asubuhi amekufa, damu yake imekuwa nyeusi. Watu waliowachuna wanyama hao walipata vidonda vyeusi, na baadhi yao walikufa. Jambo lililowashangaza wafugaji zaidi ni kwamba malisho fulani yaliendelea kuua mifugo mwaka baada ya mwaka, hata yalipoachwa bila wanyama kwa muda mrefu. Si vigumu kuelewa kwa nini mtu angesema kuwa ardhi hiyo imelaaniwa. Wataalamu wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta. Swali lililobaki lilikuwa zito: je, vijiti hivyo ndivyo vilivyoleta ugonjwa, au ni takataka iliyoletwa na ugonjwa?

Koch hakulijibu swali hili kwa maneno. Alichukua kipande chembamba cha mti, akakichovya katika wengu la mnyama aliyekufa kwa kimeta, akamchanja nacho panya. Panya alikufa, na wengu lake lilijaa vijiti vile vile. Alichukua kutoka kwa huyo akamchanja mwingine, na kutoka kwa huyo mwingine tena, na kila mara matokeo yalikuwa yale yale. Bado alijua kwamba mpinzani angeweza kudai kuwa damu yenyewe ndiyo yenye sumu. Basi akatafuta namna ya kuvikuza vijiti hivyo nje ya mwili. Alitumia tone la maji yaliyomo ndani ya jicho la ng'ombe, maana ni maji masafi yasiyo na rangi, akalitunza katika joto la kiasi cha mwili. Chini ya hadubini aliviona vijiti vikirefuka na kuwa nyuzi, kisha ndani ya nyuzi zikatokea chembe ndogo zinazong'aa. Chembe hizo, ziitwazo spora, zilistahimili ukavu ambao uliviua vijiti. Alipozitia katika tone jipya, zilirudi kuwa vijiti, na vijiti hivyo viliua panya.

Hapo fumbo la malisho yaliyolaaniwa likafumbuka. Mnyama anapokufa kwa kimeta, damu yake huingia udongoni, na bakteria hugeuka kuwa spora zinazoweza kukaa humo kwa miaka mingi. Mnyama mwingine anapokula majani yaliyogusana na udongo huo, spora huingia mwilini mwake, huamka, huzaana kwa kasi na kumwaga sumu katika damu. Binadamu huambukizwa kupitia mchubuko wa ngozi anapochuna mzoga, au kwa kula nyama yake. Ndiyo sababu hadi leo maafisa wa mifugo nchini mwetu hukataza kuupasua mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla. Watu wengi huliona katazo hilo kuwa usumbufu wa serikali, ilhali chimbuko lake ni kazi iliyofanywa nyuma ya pazia huko Wollstein.

Mwishoni mwa Aprili 1876 Koch alifunga vifaa vyake akaenda Breslau, akayarudia majaribio hayo mbele ya Profesa Ferdinand Cohn. Cohn alikuwa mtaalamu wa mimea, na makala ya kwanza ya Koch kuhusu kimeta ilichapishwa mwaka huo huo katika jarida la Cohn la elimu ya mimea. Naomba walimu wa sayansi walikumbuke hili. Sisi tumezigawa elimu katika vyumba, hiki cha binadamu, hiki cha mifugo, hiki cha mazao, lakini vijidudu havitambui mipaka hiyo. Miaka ya 1840 ugonjwa wa viazi uliwaletea watu wa Ireland njaa kubwa, na katika miaka ya 1860 Anton de Bary alithibitisha kwa majaribio kwamba kimelea kinachofanana na kuvu ndicho kilichoozesha viazi, wala si mvua peke yake. Mwaka 1878 Thomas Burrill wa Marekani alieleza kwamba ugonjwa unaokausha miti ya mipea huletwa na bakteria. Mmea hauna pua wala mdomo, lakini una vitundu vya kupumulia katika majani, na una majeraha yanayotokana na jembe, wadudu na upepo. Kijidudu hupita humo kama kinavyopita katika ngozi iliyochubuka ya mchunaji.

Sifa za Koch zilimpeleka Berlin mwaka 1880, katika Ofisi ya Afya ya dola ya Ujerumani. Tatizo alilokabiliana nalo sasa lilikuwa la kuvitenga vijidudu. Ndani ya supu bakteria za aina nyingi huchanganyika, na mtafiti hawezi kusema ipi imefanya nini. Siku moja aliona kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichochemshwa na kuachwa wazi huota madoadoa ya rangi mbalimbali, na kila doa ni ukoo wa aina moja ya kijidudu. Akaanza kutumia jelatini kama kitalu kigumu, lakini jelatini huyeyuka katika joto. Suluhisho lilitoka jikoni. Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti waliofanya kazi na Koch, alipendekeza itumiwe agari, kitu kinachotengenezwa kutokana na mwani, ambacho yeye alikitumia kugandishia jamu. Maabara zote za ulimwengu hutumia agari hadi leo. Koch aliitaja agari katika maandishi yake, lakini hakumtaja mama huyo.

Kwa njia hizi Koch aliukabili ugonjwa ambao, kwa hesabu za wakati huo, ulisababisha kifo kimoja katika kila vifo saba. Wengi waliamini kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo, hurithiwa kama umbo la pua. Bakteria wake ni mwembamba mno, amefunikwa kwa utando wa nta usiokubali rangi kwa urahisi, na hukua polepole kiasi kwamba mtafiti asiye na subira atakitupa kitalu chake akidhani hakuna kilichoota. Koch alibuni namna ya kumtia rangi, akamkuza kwa majuma kadhaa katika utomvu wa damu uliogandishwa kwa joto, akawachanja wanyama wengi, na kila mmoja akapata ugonjwa ule ule. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin, akaeleza yote haya kwa sauti ya taratibu, akiwa ameleta hadubini na zaidi ya vioo 200 vya ushahidi. Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala aliyepinga. Waliinuka wakaenda kutazama wenyewe. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Kutokana na kazi hizi ilizaliwa kanuni inayobeba jina lake. Kwanza, kijidudu kipatikane kwa kila mwenye ugonjwa ule, wala kisipatikane kwa mwenye afya. Pili, kitengwe na kukuzwa peke yake nje ya mwili. Tatu, kikitiwa kwa mnyama mzima, kilete ugonjwa ule ule. Nne, kipatikane tena kwa mnyama huyo. Hatua hizi nne ni kama masharti ya shahidi mahakamani. Haitoshi kumkuta mtu penye kosa. Yapasa kuonyeshwa kwamba yeye ndiye aliyelitenda. Katika maabara ya Koch, kwa njia hizo, Mjapani Shibasaburo Kitasato alimtenga bakteria wa pepopunda mwaka 1889. Pepo wetu akawa ana umbo linaloonekana, na makao yake yakajulikana kuwa udongo na samadi, nayo njia yake ya kuingia ikawa ni kidonda.

Mwaka 1883 kipindupindu kilizuka Misri, na Koch akatumwa Alexandria. Wafaransa nao walituma kundi lao, na kijana mmoja wa kundi hilo, Louis Thuillier, aliambukizwa akafa. Koch alihudhuria maziko yake ingawa mataifa yao yalikuwa mahasimu. Kutoka Misri alikwenda Calcutta, na mapema mwaka 1884 akamtenga bakteria aliyepinda kama alama ya mkato. Alimkuta pia katika bwawa ambalo watu walioga, walifua na kuteka humo maji ya kunywa. Haki inatudai tuseme kwamba Mwitaliano Filippo Pacini alikuwa amemwona na kumwandika bakteria huyo tangu mwaka 1854, lakini hakusikilizwa. Leo tunajua kwamba bakteria huyo humezwa pamoja na maji au chakula, hujishikiza katika ukuta wa utumbo mwembamba, kisha hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji ya mwili, na mgonjwa asiporudishiwa maji na chumvi aweza kufa kwa muda wa saa chache.

Kipindupindu ndicho kilichoonyesha kwanza kwamba kanuni ya Koch ina mipaka. Alishindwa kuwaambukiza wanyama wa maabara, na baadaye ilibainika kwamba mtu aweza kumbeba bakteria huyo na asiugue. Mwaka 1892 mpinzani wake mzee, Max von Pettenkofer, alikunywa mchuzi wenye bakteria wa kipindupindu mbele ya mashahidi, akaharisha kidogo, akapona. Alidhani amemshinda Koch. Lakini mwaka huo huo mji wa Hamburg, uliotumia maji ya mto Elbe bila kuyachuja, ulipoteza zaidi ya watu 8,000, ilhali mji jirani wa Altona, uliochuja maji ya mto huo huo kwa mchanga, uliathirika kidogo tu. Kulikuwa na mtaa ambamo upande mmoja walizikana na upande wa pili walisalimika, hewa na udongo vikiwa vile vile.

Hapa simulizi letu linageuka. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwaka 1890 methali hiyo ilimwangukia Koch. Katika mkutano mkuu wa madaktari mjini Berlin alitangaza kwamba amepata kitu kinachoweza kuuzuia ukuaji wa kifua kikuu. Wagonjwa kutoka pande zote walimiminika Berlin, wengine wakifia njiani. Dawa hiyo, tuberkulini, aliwauzia watu matumaini nayo huku akikataa kusema imetengenezwa na nini. Mtu aliyewafundisha wenzake kuonyesha kila hatua sasa alificha hatua zote. Mapema mwaka 1891 Rudolf Virchow, aliyepasua maiti za waliotibiwa kwayo, alionyesha kwamba badala ya kuponya, dawa hiyo katika baadhi yao ilielekea kuusambaza ugonjwa. Ilipofichuliwa, ilikuwa ni mchujo wa bakteria wa kifua kikuu katika gliserini. Baadaye ilipata heshima kwa kazi nyingine: ikidungwa kidogo katika ngozi, huonyesha kama mtu amewahi kuambukizwa. Lakini hiyo si kazi aliyoitangazia. Miaka miwili baadaye alimtaliki Emmy akamwoa Hedwig Freiberg, kijana aliyekuwa mdogo wake kwa takriban miaka 30, na jamii ya Berlin ikapata la kusema zaidi.

Tangu hapo Koch akawa msafiri, na safari zake zilimleta kwetu. Sotoka ilikuwa imeshuka kutoka Pembe ya Afrika, ikateketeza ng'ombe wa Wamaasai na wa jamii nyingi za Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikafika kusini mwa bara. Desemba 1896 Koch aliwasili Kimberley kuichunguza. Alitafuta bakteria hakumpata, maana sotoka huletwa na virusi, viumbe ambavyo hadubini yake haikuweza kuviona na ambavyo havikui katika agari. Elimu ya virusi nayo ilianzia kwenye mmea: mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alionyesha kwamba maji ya tumbaku yenye ugonjwa huambukiza hata baada ya kupitishwa katika chujio linalozuia bakteria. Koch alipendekeza ng'ombe wadungwe nyongo ya waliokufa kwa sotoka, njia iliyowakinga wengi ingawa haikuwa salama kabisa. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa ulimwenguni mwaka 2011.

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, mji uliokuwa chini ya Wajerumani, akapima damu ya watu na ya mifugo. Aliviona vimelea vidogo katika damu ya ng'ombe wa Pwani, akadhani ni ugonjwa uliojulikana Marekani. Miaka michache baadaye ng'ombe wa Rhodesia walipoanza kufa kwa wingi, aliitwa Bulawayo mwaka 1903, na huko akatambua kwamba ugonjwa ule aliouona Dar es Salaam ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Ndio ndigana kali, inayowatesa wafugaji wetu hadi leo, na ambayo huenezwa na kupe. Chanjo aliyoipendekeza kwa wafugaji wa Rhodesia haikufaa.

Katika safari ya mwaka 1904 na 1905 alifanya kazi nzuri zaidi, nayo inanipendeza kwa sababu ya jina. Kupe wa nyumbani aishiye katika nyufa na vumbi la sakafu, anayenyonya damu ya mtu usiku, waliosema Kiswahili walikuwa na neno lake, papasi, na homa inayorudirudi huitwa homa ya papasi. Hapa lugha yetu ilikwisha kupita dalili; jina la ugonjwa limemtaja anayeuleta. Koch aliwakuta papasi katika vibanda vya mapumziko kwenye njia za misafara, akavikuta vijidudu vya homa hiyo ndani yao, na akaonyesha kwamba kupe jike huvirithisha hadi katika mayai yake. Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walifikia ugunduzi kama huo nchini Kongo wakati ule ule, na Dutton akafa kwa homa hiyo hiyo. Mwaka 1905 Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Laiti angepumzika hapo. Mwaka 1906 alirudi Afrika Mashariki kuukabili ugonjwa wa malale, uliokuwa umekwisha kuua watu wapatao laki mbili nchini Uganda. Ilijulikana tayari kwamba huletwa na vimelea vinavyoingizwa katika damu na mbung'o, hatimaye vikaufikia ubongo. Koch alipiga kambi katika visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Viktoria. Wagonjwa walimjia kwa mamia, wengine wakibebwa, kwa kuwa walisikia kwamba ana dawa. Dawa hiyo iliitwa Atoxyl, na ndani yake mna sumu ya arseniki. Wengi walipata nafuu kwa muda. Ilipoonekana kwamba vimelea vinarudi, Koch aliongeza kipimo maradufu. Watu zaidi ya 20 walipofuka macho wasipone. Alikirudisha kipimo kile cha kwanza, lakini macho yale hayakurudi. Tena alishauri kwamba wagonjwa wakusanywe na kutengwa katika kambi, na kambi kama hizo ziliundwa katika koloni la Ujerumani. Alifariki mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910.

Je, tumhukumuje mtu huyu? Wapo wanaomtukuza bila kikomo, na wapo ambao wangependa tumfute kwa sababu ya Sese. Mimi naona kipo kipimo bora kuliko sifa na laana, nacho ni kile alichokiunda mwenyewe. Wollstein na Berlin alionyesha kila hatua, akawaalika wapinzani watazame, nasi tunaishi kwa matunda ya kazi hiyo. Katika suala la tuberkulini alitaka aaminiwe kwa kuwa yeye ni Koch. Mwaka 1901, mjini London, alitangaza kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa binadamu. Tume ya Waingereza ilichunguza kwa miaka kumi ikaonyesha kwamba watoto waliambukizwa kupitia maziwa. Sese aliongeza sumu kabla ya kujua usalama wake, tena kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kumkatalia, jambo ambalo angelifanya Berlin lingemletea kesi. Daktari aliyewachanja panya nyuma ya pazia kwa uangalifu mkubwa hakuwapa Waganda uangalifu uo huo. Kosa hilo lilikuwa la kisayansi na la kiutu kwa pamoja, na sioni namna ya kuyatenganisha.

Kwa walimu, basi, nina ombi. Mnapofundisha kwamba kipindupindu huletwa na bakteria, msiishie kwenye jina la bakteria. Andikeni ubaoni zile hatua nne, mwaulize wanafunzi: ungekuwa wewe, ungethibitishaje? Waelezeni pia mahali ambapo kanuni hiyo haikutosha: wabebaji wasiougua, virusi visivyokua katika agari, na bakteria wa ukoma ambaye hadi leo hajakuzwa katika kitalu cha maabara. Korona ilipoingia nchini mwaka 2020, tulisikia uvumi wa kila namna, na waliouamini hawakuwa wajinga wa kuzaliwa. Walikuwa wamefundishwa majibu wasifundishwe kuuliza ushahidi, kwa hiyo jibu la daktari na jibu la mzushi yalikuwa na uzito mmoja masikioni mwao.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba kudai ushahidi ni utovu wa adabu kwa wakubwa. Unaweza kumwamkia mwalimu kwa heshima zote, kisha ukamwuliza amejuaje. Wasikilizaji wa Koch walifanya hivyo jioni ile ya mwaka 1882 walipoinuka vitini wakaisogelea hadubini. Wagonjwa wa Sese hawakupewa nafasi ya kufanya hivyo.